Fagio na Ncha ya Waya

Rumeti wangu tulimwita Fagio, naye hakuwahi kukasirika. Nadhani jina lile alilipokea kwa heshima ya cheo. Wanafunzi wengine wakibanwa na masomo hulala, wengine hulia. Yeye hupanga vitu. Usiku wa kuamkia mtihani utamkuta anapanga soksi kwa rangi, zake akimaliza anahamia zako.

Siku ya balaa ilikuwa ya kuwasilisha kazi ya mradi. Mfumo wa chuo ungejifunga saa sita kamili usiku, kwa hiyo hosteli nzima, kwa busara ile ya wanafunzi inayojulikana, ilianza kuandika baada ya giza kuingia. Mimi nilikuwa nimefukuzwa chumbani. Fagio alishamaliza kazi yake tangu juzi, sasa anapiga deki, na ole wako ukanyage. Nikachukua laptopu nikashuka ukumbini kutumia Wi-Fi. Waya wangu wa intaneti nikauacha ulivyo: ncha moja kwenye tundu la ukutani, nyingine inalala sakafuni.

Kama saa nne hivi, intaneti ikakata roho. Na Wi-Fi ina dharau, kwa sababu alama za mawimbi zilibaki zimejaa tele kwenye simu, ila ukurasa hata mmoja haufunguki. Milango ikafunguka ghorofa zote kwa mpigo.

Basi kila mtu akawa mhandisi. Mmoja akasema ni mvua, wakati mvua haikunyesha. Mwingine akazima simu, akaiwasha, akaizima, mpaka ikaisha chaji. Kuna jamaa alipanda juu ya meza na laptopu kaiinua kichwani, akituapia kuwa pale juu kuna kitu anakipata. Kisha kundi likakumbuka kuwa chumba cha mwisho anakaa mpenda filamu. Tukaenda kumgongea. Masikini alifungua na shuka kiunoni, akaapa kwa wazazi wake wote wawili kuwa hapakui kitu. Hatukumwamini hata kidogo. Mimi ndiye niliyesema tumpekue.

Aliyefaidika ni mmoja tu, mwenye bando lake la simu. Ndani ya dakika chache alikuwa amekaa kitini mlangoni, watu wamepanga foleni wanaomba awashirikishe, na yeye anauliza, "Wewe si ndiye uliyeninyima pasi juzi?" Madaraka hayachelewi kumharibu mtu.

Wadeni akampigia fundi wa mtandao. Akaja na kandambili na uso wa mtu aliyetolewa kitandani, akafungua kabati la swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao vyumbani, pale koridoni, na sote tukachungulia. Taa za swichi, ambazo siku zote hupepesa kila moja kwa wakati wake, zilikuwa zinawaka na kuzima zote pamoja, haraka haraka.

"Aha," akasema fundi. "Kuna mtu kazungusha waya."

Akaanza kuchomoa nyaya, mmoja baada ya mwingine, akitazama taa. Anachomoa, hakuna. Anachomoa, hakuna. Akafika kwenye mmoja, akauvuta, taa zikatulia papo hapo. Akasoma lebo ya chumba kwa sauti.

Ninyi mnakijua chumba hicho. Mimi nilikuwa mbele kabisa ya msafara, nikipiga kelele kuliko wote kuwa mhalifu huyo leo atatutambua, na miguu ilinipeleka nusu ya koridoni kabla kichwa hakijaisikia vizuri ile namba.

Fagio tulimkuta anakunja mataulo. Sakafu inang'aa. Na pale ukutani, ambapo kuna matundu mawili ya mtandao, waya wangu ulikuwa umetoka tundu la kwanza, ukazungushwa kwa ustadi, ukafungwa na kamba katikati, ukaingia tundu la pili.

"Ulikuwa unaning'inia," akasema.

Fundi akavuta pumzi. Akaeleza kuwa matundu yale yote mawili yanaishia kwenye swichi ileile. Kila kompyuta mara kwa mara hutuma tangazo kwa wote, mfano kuuliza nani mwenye anwani fulani, na swichi hulisambaza kwenye milango yake yote, yaani pale nyaya zinapochomekwa, isipokuwa ule lililoingilia. Sasa tangazo linatoka mlango mmoja, linapita kwenye waya wa Fagio, linarudi kwa mlango mwingine, swichi inalidhani jipya, inalitangaza tena. Ni umbea ule unaokurudia mwenyewe, nawe ukausimulia upya kwa wote. Na ujumbe wa aina hiyo haubebi hesabu ya kuufanya ufe baada ya hatua kadhaa, hivyo unazunguka na kuzaana hadi nafasi ya wengine inakwisha. Wi-Fi yetu ilitegemea swichi hiyohiyo, ikazama nayo.

"Hakuna dawa?" akauliza Fagio, kwa upole wa mgeni.

Dawa ipo. Mhandisi wa Marekani, Radia Perlman, aliibuni mwaka 1985: swichi zinajadiliana, zikigundua njia inajizungusha zinafunga upande mmoja. Ila kiswichi cha koridoni kwetu kilikuwa cha bei ya chini, hakina hata chembe ya elimu hiyo.

Muda ulikuwa bado upo, watu wakatawanyika kukimbilia laptopu zao. Mpenda filamu alinipita bila kunisalimia. Mwenye bando alibaki kitini peke yake, anamwuliza kila apitaye kama ana uhakika intaneti imetengemaa.

Fagio akamfuata fundi hadi kabatini kuomba radhi. Akasimama, akaona ndani: nyaya za bluu zimesukwa na za njano, nyingine zimefungana mafundo, vumbi juu. Hakusema neno. Mkono wake wa kulia tu ndio ulioanza kwenda wenyewe.

Fundi akafunga kabati, akazungusha ufunguo, akaujaribu mlango, akaujaribu tena, kisha akamwambia wadeni ataleta kufuli la pili kesho.