Kauri juu ya titaniamu: ishike mpaka lini?

Kikombe cha enameli kikianguka sakafuni hubanduka kijisehemu tu, weusi wa chuma ukachungulia. Sehemu nyingine yote hubaki, wala si bahati. Enameli huchanganywa makusudi ili inapopoa isinywee kama chuma kilicho chini yake, hivyo hubaki imebanwa. Kauri ya namna hiyo ikibanwa huvumilia mengi. Ikivutwa ndipo hupasuka.

Kwenye nyonga bandia mambo yamekaa kinyume. Mwaka 1985 Ronald Furlong, daktari wa mifupa wa London, alianza kuwawekea wagonjwa mihimili ya nyonga (vijiti vya metali vinavyoingizwa ndani ya mfupa wa paja) iliyopakwa haidroksiapatiti, kauri ya madini ya kalsiamu na fosfati yanayofanana na yale ya mfupa wenyewe, ili mfupa uishike metali bila saruji. Lakini kauri hii inapopoa hunywea takriban mara moja na nusu ya titaniamu, metali ya mihimili hiyo. Unga wake hupitishwa kwenye mwale wa plazma, yaani gesi iliyochajiwa umeme, wenye joto la zaidi ya nyuzi 10,000, ukaigonga metali na kuganda papo hapo. Tabaka linalopatikana, nene kwa maikromita 50 hadi 200, kwa kawaida hubaki likivutwa. Kinacholishikilia hasa ni mikwaruzo: titaniamu hupigwa kwanza chembe ngumu za alumina, kama fundi anavyochokoa zege kabla ya kupiga lipu.

Ndiyo maana wapo wanaoona mshiko ndio kila kitu. Kiwango cha kimataifa, ISO 13779, kinadai mshiko wa angalau megapaskali 15 (kipimo cha nguvu kwa eneo), nao wangefurahi kupata zaidi. Kipande kikibanduka, chembe zake ngumu zinaweza kuingia kwenye kiungo bandia na kusaga plastiki iliyomo. Hofu hiyo naiona ya haki. Dawa yake ndiyo yenye gharama: unga ukiyeyushwa zaidi ili unate vizuri, fuwele hupotea, na kauri isiyo na fuwele huyeyuka haraka mwilini. Ukiichoma upya kurudisha fuwele, mshiko unaweza kupungua.

Wengine hujibu kwamba kauri ni mshenga tu. Kazi yake ni kuwakutanisha mfupa na titaniamu. Wakishashikana aende zake, maana nani anataka mshenga ahamie kwa maharusi?

Hoja hii inanivutia, ila ina sharti lisilotajwa mara nyingi: mshenga akiondoka, wawili waliobaki wawe na mahali pa kushikana. Baadhi ya vikombe vya nyonga vya mwanzoni, yaani ile sehemu ya upande wa fupanyonga, vilipakwa kauri juu ya metali isiyo na mikwaruzo. Kauri ilipokwisha, mfupa ulikuta ukuta unaoteleza, na vingi vikalegea. Uchambuzi wa rejista ya nyonga bandia ya Sweden uliochapishwa 2010 ulionyesha kuwa vikombe vyenye haidroksiapatiti vilikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufanyiwa upasuaji wa marudio kuliko visivyo nayo. Mwaka uliofuata watafiti hao walichunguza aina moja ya mhimili wa paja, uliopakwa na usiopakwa, na hawakuona tofauti ya maana. Kwa hiyo mpako huohuo ni hasara mahali pamoja, na mahali pengine haubadilishi kitu.

Hizo megapaskali 15 hazielezi tofauti hiyo. Kipimo chenyewe ni rahisi: kipande kilichopakwa hubandikwa kwa gundi ya epoksi, kikavutwa moja kwa moja hadi kiachie, kikiwa kikavu. Mpako ukiwa na vitundu, gundi inaweza kupenya hadi kwenye metali na kuupa sifa zisizo zake. Mwilini kuna majimaji, na mzigo hausukumi upande mmoja. Unasugua na kurudia kwa kila hatua.

Ningekuwa mnunuzi wa hospitali, namba ya kipande kikavu isingenitosha. Ningemuuliza mtengenezaji mshiko unabaki kiasi gani baada ya wiki kadhaa kwenye majimaji yanayofanana na ya mwili, kisha ningemwomba anionyeshe titaniamu ya chini ikiwa bado haijapakwa kitu.