Kumbe kuna dini haina Muumba

Mimi nimekulia Tanga, huku msikiti huku kanisa, watu tulikuwa tunabishana Yesu ni nani na Mtume ni nani ila kwamba dunia ina aliyeiumba hilo halikuwa na mjadala. Ustadhi wa madrasa na katekista wote walisema Mungu, neno lile lile. Mambo yakikwama mama anakwambia Mungu si Athumani, basi, imeisha hiyo.

Sasa huku Leicester, Uingereza, nina jirani mzee wa Kihindi, kazaliwa Mombasa akaja huku 1968, Kiswahili bado anacho, dini yake Ujaini, dini ya zamani ya India. Siku moja nimeingia kwake nikakuta buibui kwenye sinki, mimi nishavua ndala, yeye akamfunika na glasi, akapitisha karatasi chini, akamtoa mpaka kwenye maua nje pole pole. Nyama hali, na kitunguu wala viazi hali maana ukivichimba unaua vidudu vya udongoni, jua likizama ndo hali kitu kabisa. Nikamwambia mzee, Mungu atakulipa. Akasema kijana, sisi hatuna aliyeumba, dunia haina mwanzo, ulilotenda linakurudia lenyewe, hakuna malaika anayeandika.

Aisee nilikosa la kusema. Akanipeleka hekalu lao pale Oxford Street, zamani lilikuwa kanisa, wao wakalifungua 1988, marumaru nyeupe imechongwa mpaka unaogopa kuigusa. Walimu wao wakuu wanaitwa Tirthankara, wako 24, wa mwisho Mahavira, ni binadamu walioshinda nafsi zao, hawaombwi riziki. Masingasinga wa hapa hapa mjini wao wanasema Muumba ni mmoja na hana umbo, hapo nikajiona niko nyumbani.

Mimi Muumba namuamini na sibadiliki. Ila ile kauli yetu ya asiye na hofu ya Mungu mkimbie, naona tunawaonea watu, tunaisema hatujawahi hata kukaa na mmoja.

Baba alipofariki nilikosa nauli ya kwenda kuzika. Nyumbani uani kulijaa, kila simu ni kazi ya Mungu haina makosa, na yalinisaidia sana maneno yale, huku nayakosa. Mzee yeye hakuyasema. Alikuja kwenye hitma ya huku, akakaa kwenye mkeka na magoti yake mabovu, akanishika mkono tu mpaka jua likakaribia kuzama, akaondoka kwenda kula.