Wasiwasi nao ni uradi

Kuna miezi ambayo nilikuwa naamka saa 9 usiku bila kuamshwa na mtu. Kazi ilikuwa imekwisha, deni halijaisha, na kichwani mwangu palikuwa na sentensi moja tu: nitaanzia wapi? Nikigeukia ukutani, nitaanzia wapi. Nikienda kunywa maji, nitaanzia wapi. Ilikuwa na mapigo yake kama ngoma, inakwenda na kurudi. Sikufundishwa na mtu, wala sikuhitaji shanga za kuihesabia, lakini niliikariri kwa uaminifu ambao sikuwahi kuupa sala yoyote maishani mwangu.

Ndiyo maana nikimsikia mtu akisema, "Mimi kurudiarudia maneno yaleyale siwezi, akili yangu haikubali," huwa natabasamu kidogo. Unaweza. Tena unafanya kila siku. Aliyetukanwa asubuhi analirudia tusi lile mpaka jioni, pamoja na majibu mazuri ambayo hayakumjia kwa wakati. Aliyeachwa anarudia neno la mwisho aliloambiwa mlangoni. Anayesubiri majibu ya vipimo ana "na ikiwa je?" yake, anaisoma foleni nzima. Wasiwasi nao ni uradi, yaani maneno ya ibada yanayokaririwa tena na tena, na wengi wetu tumeuhifadhi vizuri kuliko masheikh na watawa walivyohifadhi wa kwao. Basi swali langu ni dogo: ikiwa kichwa lazima kikariri, kikariri nini?

Nimelelewa kwenye rozari. Kila jioni Mama alitukusanya, mafungu matano, Salamu Maria 53 ukiweka na zile tatu za mwanzo, na mimi kufika fungu la tatu nilikuwa nimeshalala nikiwa nimepiga magoti. Niliichukia. Nilipokuwa mtu mzima niliiacha, nikajiona nimehamia kwenye sala ya watu wazima: kuzungumza na Mungu kwa maneno yangu mwenyewe. Sina ugomvi na sala hiyo. Lakini katika miezi ile ya saa 9 niligundua kwamba maneno yangu mwenyewe yamegeuka daftari. Nilikuwa namtajia Mungu kila anayenidai, kiasi chake na tarehe yake, kana kwamba Yeye ni karani na mimi nimeitwa kujieleza. Nikifika amina, hofu imezidi ile niliyoanza nayo. Ulikuwa wasiwasi uleule, ila sasa umepiga magoti.

Usiku mmoja nikachoka hata kutaja. Mdomo ukaokota kipande cha Zaburi ya 70 nilichokijua tangu utotoni: Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima. Nikakirudia, tena na tena. Sikuwa na imani kubwa, nilikuwa na uchovu tu. Hakuna nuru niliyoiona na deni halikupungua. Kilichotokea ni jambo la kawaida kabisa: ulimi ni mmoja, na ukiwa na kazi hii hauwezi kufanya ile. "Nitaanzia wapi" ilikuja mara kadhaa, ikakuta kiti kimekaliwa. Nikalala. Asubuhi nilimpigia simu mtu mmoja anayenidai, ambaye nilikuwa nikimkwepa kwa wiki tatu. Mazungumzo yalikuwa machungu, lakini angalau yalikuwa mazungumzo.

Baadaye ndipo nikajua kwamba sikuokota kitu kipya. Yohane Kasiano, mtawa wa karne ya 4 na ya 5 aliyekaa na watawa wa jangwa la Misri kabla ya kuhamia nchi ambayo leo ni Ufaransa, aliusifu mstari huohuo kwamba unafaa kila hali: mtu akiwa na hasira, akizidiwa na usingizi, akibanwa na huzuni, hata mambo yakimnyookea akaanza kujivuna. Awe nao kazini, awe nao safarini, alale nao. Nilifurahi na nikaona aibu kidogo. Miaka zaidi ya 1,500 watu wanautumia, nami nilidhani nimeugundua kitandani.

Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja Mwislamu, akacheka. "Ndugu yangu," akasema, "kwetu sisi hilo linaanzia kwenye jiwe la kusagia." Akanipa kisa cha Bibi Fatuma, binti wa Mtume, kisa kilichomo katika makusanyo mawili ya hadithi za Mtume, la Bukhari na la Muslim. Mikono yake ilikuwa imeharibika kwa kusaga nafaka. Akaenda kuomba mtumishi wa kumsaidia. Mtumishi hakupewa. Badala yake Mtume aliwafundisha, yeye na mumewe Ali, kwamba wakienda kulala waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34, akawaambia kwamba hilo ni bora kwao kuliko mtumishi.

Nakiri kisa hicho kilinikwama kooni mwanzoni. Mtu anaomba mikono ya kumsaidia, anapewa maneno? Nilikaa nacho siku nyingi. Kilichonifungua ni wakati wenyewe: maneno yale ni ya kitandani. Hakuna aliyemwambia kwamba jiwe si zito, wala hakuambiwa asome ili nafaka ijisage. Kazi yake ilijulikana ni ngumu, na kesho ipo palepale. Alichopewa ni namna ya kuimaliza siku, ili jiwe lisiingie naye kitandani. Anayejua uchovu wa kweli anajua kwamba nusu ya uchovu hutokea baada ya kazi kwisha, tunapoifanya mara ya pili kichwani tukiwa tumelala chali.

Kuna upande wa mwili pia, na mimi siuonei haya. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake. Walichukua watu wazima 23 wenye afya, wakawasomesha Salamu Maria kwa Kilatini, na mantra ya Kibuddha, yaani maneno matakatifu ya kurudiwarudiwa, om mani padme hum. Dini mbili tofauti, lugha mbili tofauti, na katika zote mbili pumzi zikashuka hadi karibu 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu vikaanza kwenda kwa mwendo mmoja, na mwili ukawa mwepesi zaidi kurekebisha shinikizo hilo. Watu 23 ni wachache, na sitamwambia mtu yeyote aache dawa kwa ajili yao. Lakini sababu yake haina uchawi. Maneno hutoka na pumzi inayotoka, na mtu anapotoa pumzi moyo hupunguza kasi. Sentensi ndefu kiasi inakulazimisha uitoe pumzi taratibu, kisha uvute vizuri kabla ya inayofuata. Mwenye hofu hupumua juujuu. Ukimwambia "tulia" hatulii, lakini mpe mstari wa kusema, pumzi itajipanga yenyewe kuufuata.

Wapo watakaodaka hapo: kumbe ni pumzi tu, Mungu hayumo! Sioni kwa nini nichague. Chakula nacho hufanya kazi yake kwa kemia, na bado tunashukuru mezani.

Upande wa pili wapo ndugu zangu Wakristo wenye Mathayo 6:7 mkononi: mkisali msipayuke-payuke. Nimeusomewa mstari huu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, jambo ambalo lenyewe ni kichekesho. Usome hadi mwisho. Wanaokemewa ni wale wanaodhani watasikiwa kwa sababu ya wingi wa maneno, na mistari miwili tu mbele yake tunapewa Baba Yetu, sala ambayo tangu hapo haijaacha kurudiwa. Zaburi ya 136 ina mistari 26, na kila mmoja unaishia na "kwa maana fadhili zake ni za milele". Na bustanini Gethsemane, usiku mzito kuliko yote, imeandikwa kwamba Yesu alikwenda kuomba mara ya tatu akisema maneno yaleyale. Mimi hapo ndipo ninaposimama. Mtu aliyebanwa kwelikweli hana hotuba, ana sentensi moja.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa nina maneno. Shanga ni kitu kizuri: vidole vinahesabu, kichwa kinapumzika. Tasbihi ina 33 au 99, mala ya Wahindu na Wabuddha ina 108, watawa wa Kiorthodoksi wana kamba ya mafundo. Wafuasi wa Krishna, mungu wa Kihindu, katika jumuiya iliyoanzishwa na Swami Prabhupada jijini New York mwaka 1966 hujiwekea mizunguko 16 kwa siku ya shanga zile 108, yaani mantra yao mara 1,728. Nawavulia kofia. Mimi ningeshindwa siku ya pili, na siku ya tatu ningekuwa natunga uongo wa kujitetea. Kwao idadi ni nidhamu, na nidhamu naielewa. Nisichokielewa ni ule ujumbe unaopita kwenye simu zetu: soma hili mara 1,000 utapata kazi, wapelekee watu 10 kabla ya jua kuzama. Hiyo ni bahati nasibu iliyovaa kanzu. Na ubaya wake hauishii kwenye uongo. Mtu asipopata kazi anaambiwa, au anajiambia, kwamba alikosea hesabu. Alikuwa na shida moja, sasa anazo mbili.

Na kuna ubaya mwingine ambao ni wa kimyakimya zaidi. Mwaka 1984 mwanasaikolojia Mmarekani John Welwood aliipa jina tabia ya kutumia mambo ya kiroho kukwepa maumivu na kazi za utu uzima ambazo hatujazimaliza. Kwa Kiswahili changu ningesema ni kufunika kidonda kwa joho. Nami nimewahi. Kuna asubuhi nilikaa na rozari saa nzima, nimetulia kama maji ya mtungini, kumbe nilikuwa sitaki kufungua bahasha iliyokuwa mezani. Nilipoifungua wiki iliyofuata, tarehe ya kujibu ilikuwa imepita. Tangu hapo nina kipimo kimoja kisicho na teolojia yoyote: nikimaliza, je, nainuka? Uradi ule wa Zaburi ya 70 uliniinua nikapiga simu. Huu wa bahasha ulinikalisha. Maneno ni matakatifu yote mawili, mimi ndiye niliyekuwa tofauti. Na mwanamke anayepigwa nyumbani akiambiwa "wewe omba tu, dada", anayemwambia hivyo amemkalisha mwenzake penye moto. Aondoke kwanza, akisoma njiani. Vivyo hivyo kwa yule ambaye huzuni yake imevuka miezi, hali chakula, halali usingizi, anawaza kujiua: aende kwa daktari, na tasbihi yake iwe mfukoni.

Mambo ya "namna ya kufanya" sina mengi. Sauti itoke, hata mnong'ono. Ukisema moyoni tu, wasiwasi unapenya katikati ya maneno kama moshi. Mstari uwe mfupi. Na uanze siku ambayo huna shida yoyote, siku ya kuosha vyombo na kupanga foleni, siku inayochosha kwa ukavu wake. Wengi hutafuta mstari wakiwa tayari wamezama, kama mtu anayetaka kujifunza kuogelea mtoni wakati wa mafuriko. Mimi niliokolewa na kile nilichokihifadhi nikisinzia, ambacho sikukitaka.

Kisha kuna kuimba na wengine, na hapa nadhani tunapoteza kitu tunapofanya kila jambo peke yetu na spika za masikioni. Katika kirtani, nyimbo za ibada za Wahindu, mmoja huongoza na wengine huitikia. Chaitanya, mtakatifu wa Bengal aliyefariki mwaka 1534, anakumbukwa kwa kuutoa wimbo huo hekaluni na kuupeleka barabarani. Litania inakwenda vivyo hivyo, na halaka ya dhikiri, Waislamu wakikaa duara kumtaja Mungu, pia. Faida yake kwa mwenye shida ni moja kubwa: siku ambayo sauti yako haitoki, wimbo hausimami. Unakaa pale midomo imefungwa, wenzako wanakubebea sehemu yako, na pengine kwenye ubeti wa sita unajikuta umeingia bila kukusudia.

Mama sasa ni mzee na kumbukumbu zinamtoka. Majina yameondoka kwanza, langu likiwemo. Nikimtembelea tunakaa kimya kirefu, kisha naanza, "Salamu Maria, umejaa neema," na nikifika nilipofika siku zote, yeye anadakia bila kusita: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu." Sauti ni ileile iliyokuwa ikinigutusha nikilala kwenye fungu la tatu. Rozari iko mkononi mwake lakini vidole havisogei. Juzi tulipita kumi, tukafika kumi na tatu, labda na nne, hakuna aliyekuwa anahesabu. Tulipomaliza alinitazama kwa upole mwingi, akaniuliza, "Na wewe, baba, ni mtoto wa nani?"