Rege na panki: undugu au kuazima?

Klabu ya Roxy ilipofunguliwa London mwishoni mwa 1976, santuri za panki, roki ya vijana ya kasi na ya hasira, zilikuwa za kuhesabika. Dijei wake, Don Letts, mzaliwa wa jiji hilo mwenye wazazi Wajamaika, akawa anapiga rege na dabu, yaani rege iliyopunguzwa uimbaji ikaachiwa besi na ngoma, kila bendi moja ikishuka na nyingine ikijiandaa. Vijana wa Kizungu waliovaa pini za kufungia nepi wakaizoea besi ile.

Wanaouita ukaribu huo wa rege na panki undugu wana hoja nzito. Agosti 1976 vijana weusi walipambana na polisi kwenye kanivali ya Notting Hill, na Joe Strummer na Paul Simonon wa bendi ya panki The Clash walikuwepo. Mwaka uliofuata bendi yao ikarekodi upya "Police and Thieves", rege ya Mjamaika Junior Murvin. Tega sikio kwenye magitaa: moja linapiga penye pigo, jingine linajibu katikati ya mapigo, pale rege inapopumulia. Hawakujifanya Wajamaika, na hilo nawasifu. Bob Marley, aliyekimbilia London baada ya kupigwa risasi nyumbani kwake Kingston, akawajibu kwa "Punky Reggae Party", The Clash wakitajwa kwa jina.

Wanaopinga, wanaosema ni kuazima tu, wanauliza nani alivuna. Swali hilo halikwepeki. Mwaka 1979 The Police, weupe watatu, walishika namba moja Uingereza kwa "Walking on the Moon", wimbo uliosimama juu ya mdundo wa rege. Tena kuna jambo zito kuliko pesa. Kijana wa panki akichoka kusumbuliwa na askari, angenyoa nywele na kuchomoa pini. Kijana mweusi alisimamishwa barabarani kwa sheria ya uzururaji ya 1824, iliyowaruhusu polisi kumkamata mtu kwa kumshuku tu. Yeye angevua nini?

Hata hivyo, kila nikifika hapo nakumbuka Southall, magharibi mwa London. Bendi ya rege ya huko, Misty in Roots, ilikuwa na lebo ya ushirika iitwayo People Unite, na lebo hiyo ndiyo iliyotoa santuri ya kwanza ya The Ruts, bendi ya panki ya vijana weupe. Safari hii mweusi ndiye aliyemfungulia mweupe mlango. Tarehe 23 Aprili 1979 wakazi waliandamana kupinga mkutano wa National Front, chama cha wabaguzi. Polisi wakavamia nyumba ya People Unite, wakavunja vyombo, na meneja wa Misty akapigwa rungu la kichwa, akaumia vibaya. Mwalimu Blair Peach, aliyekuwa miongoni mwa waandamanaji, alipigwa kichwani siku hiyohiyo, akafariki usiku huo.

The Ruts walikitungia kisa hicho wimbo, "Jah War", wakaupiga kwa rege nzito ya polepole. Aliyepigwa rungu alikuwa mtu wa nyumba iliyowatolea santuri yao ya kwanza.