Nilikuwa Fundi, Sasa Ni Mwanafunzi

Leo asubuhi nimeitwa mwanafunzi. Mimi, mwanaume wa miaka arobaini na tatu, mwenye kitambi, watoto watatu na deni la chama, tena mbele ya wapangaji walioshika taulo. Aliyeniita ni Mama Shiku, mwenye ploti, hapa Umoja.

Sawa, si uongo, nasoma. Miaka kumi na sita nimekuwa kwa stima bila karatasi, kazi ikiisha natafuta mwenye leseni anisainie, anakula chake, mimi nabaki na cha unga. Mwaka huu nikasema basi. Nitafanya gredi testi ya NITA, wale wa mafunzo ya kazi za viwandani, nianze na gredi thrii kama vijana, halafu nisogee polepole hadi nipate leseni ya fundi stima ya EPRA, wale wanaosimamia kawi, hata kama ni ile C2 ya chini kabisa, hiyo A1 nitawaachia wajukuu. Nikanunua kitabu cha mtumba River Road, hakina jalada, na kwa chapta ya athi, ile njia ya kupeleka stima iliyovuja ardhini, mtu alikulia chipo.

Na hapo ndipo nilijiharibia kazi. Si usingizi, usingizi nimezoea. Shida ni kwamba sasa najua.

Zamani ukiniuliza shawa ya instanti, ile inapasha maji papo hapo, inataka waya gani nakwambia ya kawaida. Sasa najua shawa ya wati 5,500 ukigawanya kwa volti 240 inavuta karibu ampia 23, na ile yangu ya kawaida ilikuwa ya milimita mraba 1.5, waya ya taa. Siku nilipopiga hiyo hesabu niliamka saa nane usiku nikaanza kuhesabu kwa vidole ploti nilizofunga hiyo waya, bibi akadhani naomba, akasema amina. Hesabu yenyewe nafundishwa na msichana wangu wa gredi nane, anapumua kwa nguvu kila nikikosea. Eti kuna Mjerumani anaitwa Ohm alichapisha mambo ya volti na ampia 1827. Huku Umoja bado hayajafika.

Sasa leo saa kumi na mbili, simu ya Mama Shiku. "Baba Kevo, stima ya bafu ya chini inarusha watu."

Kitambo ningeenda na testa na taipu, nafungua, nakaza, nagusa na mgongo wa kidole, imeisha mama, mia tano, dakika kumi niko kwa kibanda nakula mandazi. Lakini kitabu kinasema kwanza uzime, ufunge na kufuli pale ulipozimia, uweke ilani, ndio upime kama kweli imekufa, na kabla ya kupima uhakikishe hata hiyo testa yenyewe iko hai. Nikazima meni swichi. Ya ploti yote. Saa kumi na mbili na nusu, Jumatatu.

Milango ilifunguka yote mara moja. Kijana wa namba saba alikuwa amepiga pasi mguu mmoja tu wa suruali. Dada wa namba kumi na moja nywele nusu imenyooka nusu bado inafikiria. Wakauliza nani amezima, keateka, mwangalizi wa ploti, akaninyooshea kidole hata hawajamaliza swali. Nikakohoa kidogo, nikawaambia kwa sauti ya mtu wa leseni, ndugu zangu, tunafanya utengaji salama.

"Tunafanya nini?"

Nikatia kufuli, nikaweka ufunguo mfukoni, nikapasua katoni nikaandika HATARI, MTU ANAFANYA KAZI. Keateka akaisoma polepole, akaniangalia, akauliza, "Sasa huyo mtu anakuja saa ngapi?"

Nikafungua shawa. Jamani. Waya 1.5, imeungwa katikati na taipu ya manjano, athi imefungwa kwa msumari wa ukuta, na huo msumari ndio watu wanatundika taulo. Nikapandwa na hasira ya kitabu, nikasimama juu ya ndoo nikauliza kwa sauti kubwa ni fundi gani mwendawazimu alifanya huu upuzi.

Mama Shiku hata hakupaza sauti. "Ni wewe, 2017. Ukaniambia hii ni ya maisha."

Ile taipu ya manjano, kusema kweli, nilikuwa nimeshaanza kuitambua.

Nikajikaza. Nikamwandikia: waya ya milimita mraba 6, breka ya ampia 32, RCD ya miliampia 30, ile inakata stima ikivuja, na rodi ya athi. Akasoma, akacheka, akasema nilikuita urekebishe, sikukuita ujenge, kitambo ulikuwa fundi, siku hizi wewe ni mwanafunzi. Na watu wakacheka, hata yule wa suruali ya mguu mmoja.

Lakini mnisikize. Vyumba ishirini na vinne, kodi kila mwisho wa mwezi, na rodi ya chuma haipatikani? Mtoto akishika hiyo bomba na miguu imelowa, nani atatafutwa? Si landledi. Atasema kulikuwa na fundi. Na mimi nitakuwa wapi, nimejificha kwa shemeji Kitengela?

Nikawaambia hiyo shawa siwashi. Akaitwa kijana mwingine, testa iko nyuma ya sikio, akanisalimia "sasa mzee," dakika kumi, mia tatu.

Mtihani ni wiki ijayo. Kwangu nilishachungulia nyuma ya shawa, heri singechungulia. Sasa tunaoga kwa karai, Julai hii, na bibi ameniuliza kama hata birika ya stima imefeli. Na karai yenyewe imetoboka. Nimeipeleka kwa fundi wa jua kali, nikamuuliza anaziba na nini hasa na kama amepima unene wa bati, na huyo jamaa ameniangalia vibaya sana.