Seti, Kuseti, Kusetiwa na Hela Yangu Inavyoisha

Hivi hili neno SETI nani alituletea hapa mjini, maana mi naona sasa limezidi. Kila anayeitaka hela yako siku hizi anaanza na kuseti. Zamani fundi alikuwa anafunga, anarekebisha, anategesha, ananyoosha, kila kazi ina jina lake na ukisikia jina unajua hapa elfu tano inatosha, sa hivi ni kuseti tu na ukisikia kuseti hujui kama mtu anakuja na bisibisi au anakuja na kitana.

Chukua fundi dishi. Nimenunua dishi na king'amuzi dukani, nimelipa, nikaambiwa fundi anakuja kufunga bure. Fundi kaja kafunga kweli, dishi liko juu ya bati limetulia, TV inaandika hakuna signo. Namuuliza mbona haioneshi, ananijibu bila hata aibu, mzee kufunga ndo bure, kuseti unalipia. Sasa dishi lililofungwa bila kusetiwa mi nalifanyia nini, nianikie dagaa? Na hiyo kuseti yenyewe ni kulegeza nati, kusukuma dishi kidogo kushoto halafu kupiga kelele "vipi hapooo" na mi niko sebuleni najibu "badooo", kidogo kulia, "vipi hapooo", "badooo", mpaka mtaa mzima unajua leo kwangu kuna dishi jipya na watoto wa watu wanaanza kusogea mlangoni kuulizia katuni. Nikisema kazi yenyewe ndogo ananipa darasa, eti setilaiti (umeona hata yenyewe inavyoanza) iko juu ya ikweta kilomita kama 36,000 kutoka ardhini, kwahiyo dishi likikosea kidogo tu huku chini, kule juu umelenga pengine kabisa. Sawa, kilomita 36,000 ni mbali nimekubali. Lakini wewe umepanda ngazi ya mita tatu, mbona bei umenipigia ya kule juu?

Sijakaa vizuri mama watoto anataka hela ya saluni. Nikatoa. Karudi jioni, naangalia nywele naona ni zilezile za asubuhi ila zinanukia vizuri, nauliza kwa upole kabisa maana haya maswali yana hatari, mama leo umefanya nini? Nimeosha na kuseti. Jamani! Yaani wanakuzungushia marola kichwani, wanakukalisha chini ya lile dude la moto mpaka masikio yanaiva, halafu inaitwa kuseti sawasawa na dishi. Na huku hata ukipiga kelele vipi hapo hakuna anayekujibu badooo, unalipa hivyohivyo.

Kiwanjani ndo balaa. Nina kijisehemu huko Chanika, nikamwita fundi nimwoneshe, akasema mzee kwanza inabidi tuseti nyumba. Nikamwambia nyumba gani wakati hapa kuna mihogo tu? Akacheka. Kuseti nyumba kumbe ni kuchomeka vijiti, kufunga kamba, kupima kona. Hapo kwenye kona nilimpa heshima yake, maana anapima tatu upande huu, nne upande huu, akikuta kwa kukatisha ni tano kamili basi kona imekaa nyuzi 90 na nyumba haitakwenda upande, na hana hata cheti cha darasa la saba huyo. Nikalipa. Nyumba ikasetiwa. Hela ya msingi haijapatikana mpaka leo na kuna kijiti kimoja kimeshachipua majani, mvua hizi zikiendelea hivi ntapata mti kabla ya ukuta.

Sementi nayo inaseti, ila hii sitaki hata kuiongelea sana maana inanihusu kazini. Mi mtu wa stoo, kazi yangu kuhesabu, na sementi ina tabia ikipata unyevu inashikana humohumo mfukoni, vijana wa kupakia wanaita imeseti. Kiwandani wanaichanganya na jasi makusudi ili ukikoroga isishike haraka, fundi apate muda wa kupiga plasta, lakini hiyo jasi haisaidii kitu bati la stoo likivuja. Kilo 50 zimegeuka jiwe, na bosi akiona jiwe anaangalia mshahara wa nani aukate. Hapo na mimi ninakuwa nimesetiwa, ile seti nyingine ya mtaani, ya mtu kutegewa, kama ulivyoitwa kwenye kikao cha harusi kuja "kutoa mawazo tu" ukakuta daftari la michango limeshaandikwa jina lako na kiasi.

Nikasema nikae na binti yangu nipumzike kichwa. Yuko fomu tuu, anafanya homuweki ya hesabu. Nauliza mnasoma nini? Seti.

Nilitaka kutoka nje lakini akanishika, baba hebu nisaidie hii. Darasa lina wanafunzi 40, 25 wanapenda mpira wa miguu, 20 wanapenda netiboli, 10 wanapenda vyote viwili, wangapi hawapendi chochote? Nikamwambia mwanangu hapo mwalimu si aingie darasani awaambie wasiopenda wanyooshe mikono? Haijibiwi hivyo baba, unachora maduara mawili yaliyopandiana. Kachora, kajumlisha, katoa, wamebaki watano. Mi mawazo yangu yakawa kwa wale watano, nani anaongea na wale watoto? Halafu akanifundisha kuna kitu kinaitwa seti tupu, yaani seti ambayo ndani hamna kitu hata kimoja na bado inahesabika ni seti, ina mpaka alama yake, na ajabu zaidi eti hiyo seti tupu imo ndani ya kila seti duniani. Hiyo niliielewa haraka sana, na tulikuwa tarehe 19 ya mwezi. Kumbe hizi hesabu zilianzishwa na mtu anaitwa Georg Cantor, miaka ya 1870 huko Ujerumani, na kwa kijerumani chao wala hawaiiti seti. Kwahiyo hata huyu hakututakia mabaya, waliotuunganishia jina ni Waingereza.

Sa hapa mtaani kwetu yupo mwalimu mstaafu wa kingereza, nikamfuata nimpe malalamiko yangu. Kosa la dunia hilo, hawa watu hawajapata mtu wa kuwauliza muda mrefu. Akavua miwani, akafuta, akavaa. Akaniambia ile kamusi kubwa kabisa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, hilo neno set limepewa matumizi 430 na maelezo yake peke yake ni kama maneno 60,000. Elfu sitini! Neno lenyewe herufi tatu! Mi stoo nikiandika maelezo ya mfuko uliopotea yakizidi mistari mitatu bosi anasema naficha kitu.

Akaendelea, kumbe hata sio neno moja. Kuna set ya kingereza cha kale, ilikuwa settan, maana yake kukalisha, imetoka kwenye kukaa kwao kama sisi tulivyotoa kukalisha kwenye kukaa. Halafu kuna nyingine, ile ya seti ya vitu, hiyo ilikuja kivyake kutoka kifaransa cha zamani, nacho kilichukua kwa kilatini. Yaani ni maneno mawili yamekutana njiani yakafanana sura yakaamua kukaa chumba kimoja kupunguza kodi, na sisi huku ndo tunawalipia wote wawili. Jua likizama kwao linaseti. Mtu akianza safari anaseti off, na bomu likilipuliwa nalo linasetiwa off, sa jaribu kuaga wenzako uwanja wa ndege kwa hicho kingereza uone utalala wapi.

Nikamwambia mwalimu basi ngoja nikupe na mimi yangu. Mwaka 1974 Filbert Bayi, mtu wetu, kakimbia mita 1500 kule Christchurch New Zealand, michezo ya Jumuiya ya Madola, kaongoza mwanzo mpaka mwisho kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Sisi tunasema kavunja rekodi, tumemaliza. Kingereza kinasema kabreki rekodi na palepale kinasema kaseti rekodi. Kavunja au kajenga? Mwalimu akasema vyote, kavunja ya mwenzake kaseti yake. Nikamwachia hiyo. Ila alichoniongezea hapo ndo kiliniua kabisa, unajua tulivyokuwa shule tunaanzishwa mbio, oni yua maksi, geti seti, goo? Kumbe kwenye mashindano yenyewe mbio zikizidi mita 400 hiyo seti haitamkwi, wanaambiwa washike mstari tu halafu bastola. Kwahiyo Bayi kaseti rekodi ya dunia kwenye mbio ambazo hakuna mtu kasema seti. Hapo niliomba maji ya kunywa.

Na mwalimu hajaisha! Anapenda tenisi huyu, sijui mtaani kwetu kaipatia wapi. Eti mashindano ya Wimbledon huko Uingereza mwaka 2010, Mmarekani John Isner na Mfaransa Nicolas Mahut walicheza seti nne (mechi ya tenisi wanaigawa vipande, kila kipande nacho ni seti) mpaka giza, wakalala, wakarudi kesho wakaanza seti ya tano ikagoma kwisha, wakacheza mpaka giza, wakalala, kesho yake tena, ikaisha 70 kwa 68. Mechi nzima saa 11 na dakika 5, na katika hizo seti moja tu, ile ya mwisho, saa 8 na dakika 11. Ubao wa matokeo wenyewe uligoma ukaganda kwenye 47 kwa 47, nadhani na wenyewe ulikuwa seti tupu. Ilibidi waje kubadilisha sheria mwaka 2019 ili seti ya mwisho iwe na ukomo. Unaona sasa! Waingereza wenyewe, wenye neno lao, wenye uwanja wao, limewashinda mpaka wamelitungia sheria, we unategemea mimi na fundi dishi tutaelewana?

Wakati natoka akanisindikiza na habari mbaya, eti set siku hizi imepitwa, wanaotengeneza hiyo kamusi wameikuta run ina maana 645, hapo ni kitenzi peke yake. Nimeanza kusikia vijana hapa wanasema fulani anarani biashara. Ikishafika kwa mafundi hiyo tumekwisha.

Nikarudi nyumbani moto, nikamwelezea mama watoto yote, namna Mwingereza alivyokosa maneno mpaka anatumia moja kwa kila kitu. Akanisikiliza vizuri anachambua mchele, halafu akasema, baba, leo asubuhi umepiga mswaki, umepiga pasi shati, umepiga simu kazini, umepiga chenga kwenda msibani, umekuja umepiga miayo mpaka sasa hivi, mtu mmoja ukampiga kweli unadhani yupo? Nikapiga kimya. Ila moyoni sijakubali na ntakwambia kwanini, mi nikipiga mswaki hakuna mtu ananisubiri mlangoni anasema mzee kupiga ni bure, kusukutua unalipia.

Na yeye asijifanye, maana kinachonitesa wiki hii ni seti yake. Tuna vikombe vya wageni, sita, na visahani vyake, vinakaa kabatini kwenye kioo, mi mwenye nyumba sijawahi kuvinywea kwasababu mi sio mgeni. Kimoja kimevunjika. Aliyekivunja ni mgeni, kwahiyo hata kesi hamna. Nikaenda Kariakoo na kisahani mkononi kama shahidi, nikakuta vikombe vilevile, maua yaleyale, nikasema naomba kimoja. Kijana akaniangalia kama nimeomba ugali nusu tonge. Mzee hivi ni seti, seti haivunjwi. Nikamwambia yangu imeshavunjwa ndo maana niko hapa. Akasema basi chukua seti nzima utakuwa na akiba. Nikapiga hesabu za stoo, vitano vya nyumbani na sita vipya ni kumi na moja, na nikirudi na kumi na moja najua nitakachoambiwa, havijai dazeni, katafute kimoja. Duka la pili, seti. La tatu kuna mama mtu mzima nikasema huyu ataelewa, akaniambia baba yangu hata mimi nyumbani vimebaki vinne.

Sasa mwenye kikombe kimoja cha udongo mweupe, maua ya bluu, mstari wa dhahabu juu, ambacho wenzake wameshavunjika wote, tuongee. Elfu tatu natoa leoleo na nauli juu. Ukianza kuniambia habari ya kisahani chake tusijuane, visahani ninavyo sita.