Mpingo wa Ndimu

Kwa siku tatu nilikuwa mmiliki wa mpingo mpana kuliko yote niliyowahi kuiona. Siku ya nne nilikuwa mtu mzima mwenye duara jeusi kuzunguka jicho la kulia, midomo kama ya aliyekunywa wino, na mkanda wa msumeno usio na meno.

Mimi natengeneza magitaa. Watu wa kazi hii tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kupita karibu na ubao bila kuugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Tunagonga meza za watu, milango ya watu, viti ambavyo watu wamevikalia. Msibani mke wangu aliwahi kunikanyaga mguu kwa sababu alinikuta naelekea kwenye jeneza na kidole kimeshakunjwa. Basi jamaa na marafiki, kwa kunihurumia, wakiona mti wa ajabu hunipigia simu. Ndivyo jamaa mmoja aliyekuwa kwenye kazi ya kubomoa gati la zamani la mashua alivyonipigia: "Kuna boriti hapa nyeusi, nzito kweli kweli. Unaitaka?"

Neno "nyeusi" liliingia sikio la kulia, "nzito" likaingia la kushoto, yakakutana katikati yakawa "mpingo".

Niwaeleze kwa nini moyo ulinienda mbio. Mpingo ni ukoo wa Dalbergia, ukoo uleule wa miti ya Brazili na India ambayo mafundi wa magitaa wameigombania miaka na miaka kwa ajili ya migongo na mbavu za gitaa. Ukikauka, mita moja ya ujazo hupita kilo 1,200, na kwa kuwa maji ni kilo 1,000, mpingo huzama. Ukiugonga unalia kama chuma. Klarineti na obo nyingi nzuri, zile ala za kupuliza, zimetoka humo. Tatizo lake ni umbo: mti wenyewe hukua polepole sana, mara nyingi umepinda, na moyo wake una mashimo na nyufa. Klarineti haijali, inataka kipande cha unene wa mkono. Gitaa linataka kila nusu ya mgongo iwe na upana wa sentimita 20 hivi. Ubao wa mpingo wa upana huo, usio na ufa, ni wa kutafuta kwa tochi.

Boriti yangu ilikuwa na urefu wa mita moja, upana wa sentimita 22, unene wa sentimita 10, na imenyooka kama rula.

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza: mti unaotoa klarineti kwa taabu umetoaje nguzo ya gati? Swali hilo liliulizwa. Aliuliza mpwa wangu wa miaka 16, anayenisaidia karakana wakati wa likizo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakusema lolote kuhusu asiyesikia la mpwa, kwa hiyo nilijiona niko salama.

Tukaanza vipimo, maana mimi si mtu wa kubahatisha.

Kipimo cha kwanza kilikuwa maji. Tulikata kipande cha pembeni tukakitupa kwenye pipa. Kikazama moja kwa moja, hata hakikusitasita. Nikampa mpwa wangu mkono wa pongezi.

"Lakini Mjomba," akasema, "hii boriti si imetoka majini?"

"Imetoka majini, ndiyo."

"Sasa kama imekaa humo miaka yote hiyo, si imeshashiba maji? Itaeleaje?"

"Nenda kaniletee lenzi."

Kila kitabu cha kutambua mbao kinasema kitu kimoja: kata kichwa cha ubao kwa wembe mkali, pale nyuzi zinapokutazama uso kwa uso, kisha chukua lenzi ya kukuza mara 10 uangalie vinyweleo vya mti, vimepangwaje, vina ukubwa gani. Ubavuni mbao nyingi hufanana. Kichwani ndiko mti unakotaja jina lake. Nalijua hilo. Nimewahi kulifundisha. Lakini kichwa cha boriti kilikuwa kimejaa tope na wembe ulikuwa kwenye droo, hatua kumi hivi kutoka nilipokuwa. Nikaangalia ubavuni. Nikaona weusi. Mpingo ni mweusi. Ushahidi ukafungwa.

Nikanusa. Ulikuwa na harufu kali ya uchachu, nikaiita harufu ya uzee. Kisha nikaramba. Msinicheke, wapo mafundi wanaoramba, ingawa ni tabia mbaya: baadhi ya hiyo hiyo Dalbergia, hasa ile ya Amerika ya Kati iitwayo Dalbergia retusa, huwatoa watu vipele kwa vumbi lake tu, sembuse ulimi.

"Ladha gani, Mjomba?"

"Ukakasi."

"Mpingo una ukakasi?"

"Wa zamani unao."

Mwishowe nikaugonga. Mpingo, nimeshasema, hulia kama chuma. Huu ulisema "du", kama mtu anayegonga mlango uliowekewa godoro kwa nyuma. Nikamweleza mpwa wangu kwamba mti ukikaa sana bila kuguswa sauti yake hulala, na kazi ya fundi ni kuiamsha. Nilipenda sana sentensi hiyo. Nikaituma na kwa rafiki yangu mpiga gitaa, pamoja na picha ya boriti, na kabla ya jioni alikuwa ameshalipa gitaa jina: Malkia Mweusi.

Usiku sikulala. Siyo kwa furaha tu. Tangu mwanzo wa mwaka 2017 ukoo wote wa Dalbergia umo kwenye orodha za CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Ala zilizokwisha kutengenezwa zilikuja kulegezewa masharti mwaka 2019, lakini mbao ghafi kuvuka mpaka ni habari nyingine. Je, boriti yangu ilivuka mpaka? Lini? Nani ana karatasi zake? Nilikaa hadi saa saba za usiku nikiandika barua ya kujieleza kwa mamlaka ambayo hata sikuijua, nikiapa kwamba mpingo huu niliupata kihalali. Barua ya kurasa mbili. Ninayo mpaka leo.

Asubuhi tukaingia kwenye msumeno. Kupasua ubao kwa ajili ya gitaa ni kazi ya roho juu, maana mgongo ukikamilika huwa na unene wa milimita mbili na ushee tu. Unapasua vipande vya milimita 4, ili kibaki cha kuliwa na randa na msasa, na mkanda wa msumeno nao unakula zaidi ya milimita moja kila unapopita. Nilikuwa nimepiga hesabu: vipande 18, jozi tisa, migongo tisa ya magitaa. Kila jozi unaifungua kama kitabu, mishipa ya kulia ikitazamana na ya kushoto. Na kwenye boriti yangu palikuwa na pambo lililonitoa machozi: doa la buluu nzito, refu kama mwali wa mshumaa, na katikati yake kidoa cheusi tii. Nikaliita jicho la mpingo. Nikachora kwa chaki ili lije kukaa katikati kabisa ya mgongo wa Malkia.

"Mjomba, nipitishe sumaku kwanza?"

"Sumaku ya nini? Unaona chuma hapa?"

Dakika nne baadaye tulikiona. Kilijitangaza kwa cheche na kelele ya paka aliyekanyagwa mkia, kisha msumeno ukanyamaza na boriti ikaacha kusogea. Mkanda wangu mpya, wa meno matatu kwa kila inchi, ulikuwa sasa wa meno sifuri kwa kila inchi kwenye kipande kirefu kama mkono. Kidoa cheusi katikati ya jicho la mpingo kilikuwa msumari uliovunjikia ndani, mnene kama kidole changu kidogo. Mpwa wangu hakusema kitu. Alichukua sumaku, akaiweka taratibu kwenye jicho, ikanata. Akaiacha hapohapo aende kutafuta mkanda wa akiba.

Tukapasua upande usio na jicho. Unga wa msumeno haukuruka, ulidondoka kama tope. Maji yalichuruzika kwenye meza ya chuma, na popote yalipogusa chuma pakawa peusi, na mikono yangu ikawa myeusi, na kwa mikono hiyohiyo nikawa nashika lenzi kila baada ya dakika mbili, naibana jichoni, najifuta midomo, naramba kipande kipya kuhakikisha.

Kipande cha pili kilipofunguka niliona jambo ambalo hata mimi lilinisumbua. Mpingo una moyo mweusi, na nje yake ukanda mwembamba wa rangi ya krimu. Wangu ulikuwa mweusi nje, upana wa kidole, na ndani kahawia ya kawaida kabisa, kama mlango wa choo. Ulikuwa mpingo uliogeuzwa kama soksi.

"Utaiva ukipata hewa," nikasema.

Ubao mbichi hupangwa kivulini, vijiti katikati ya kila kipande na uzito juu, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila inchi moja ya unene inataka kama mwaka mmoja wa kukauka. Gitaa linadai zaidi: unyevu wa ubao ushuke hadi asilimia 8 au chini. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na Malkia alikuwa anasubiriwa. Nikaviegemeza vipande sita ukutani, juani.

Kesho yake nilikuta mitumbwi sita. Ubao hausinyai sawasawa. Kufuata duara za umri wake husinyaa karibu mara mbili ya kukatisha kuelekea moyoni, basi kipande chembamba, kibichi, kilichopigwa jua upande mmoja, kinajikunja kutafuta amani. Kimoja kilikuwa na kina cha kutosha kuogeshea mtoto mchanga. Nikachagua kilichojikunja kidogo kuliko vyote, nikakipiga randa upande mweusi hadi ukang'aa, nikampelekea Mzee aliyenifundisha kazi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Hakuangalia ubao. Aliniangalia usoni kwa muda mrefu. "Mwanangu, nani amekupiga?"

Sikumwelewa. Nikamkabidhi ubao kwa mikono miwili, nikasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la marehemu mkubwa: "Mpingo."

Mzee akaupima kwa kiganja. Akatoa wembe mfuko wa shati, akakwangua kichwa cha ubao mara mbili tu, bila lenzi, bila miwani. "Njoo. Unaona hii mistari inayotoka katikati kama miali ya jua?"

Niliiona. Mtoto wa chekechea angeiona.

"Miali ya mpingo huioni kwa macho makavu. Hii ni mipana hivi, na hivi vinyweleo vikubwa vimejipanga mstari kwa mstari kila mwaka. Huu ni mwaloni."

"Lakini weusi, Mzee..."

Akachukua ndimu iliyokuwa kwenye rafu yake ya dawa za kusafishia mbao, akaikata, akakamulia matone juu ya ubao wangu. Tukakaa kimya tukiangalia. Weusi ukaanza kupauka. Ukawa kijivu, kisha hudhurungi yenye aibu, madoa ya duara kama ya mvua ya kwanza kwenye vumbi. Nimeona nguo zikichuja rangi. Mpingo sijawahi.

Mzee akaniambia mwaloni umejaa tanini, ileile inayoleta ukakasi mdomoni. Ikikutana na chuma na maji hugeuka wino, na si wino wa mfano tu, kwani Wazungu waliandikia wino wa namna hiyo kwa karne nyingi, tanini na chumvi ya chuma. Boriti ilikaa kwenye tope lenye chuma, na misumari mwilini, miaka na miaka, ikijipika wino kuanzia nje kwenda ndani.

"Kwa hiyo nilichoramba..." nikaanza.

"Uliramba zaidi ya mara moja?"

Nikanyamaza. Akanipa nusu ya ndimu iliyobaki na kioo kidogo. Ndipo nilipojiona: duara la lenzi kuzunguka jicho, nadhifu kama limechorwa kwa bikari, na midomo ile. Nilikuwa nimepita barabarani hivyo, nikisalimia watu.

Rafiki yangu mpiga gitaa nilimwambia Malkia amepata udhuru. Mkanda nilinunua mwingine, na siku hizi mpwa wangu hupitisha sumaku bila kuomba ruhusa, huku akipiga mluzi.

Kile kipande Mzee hakunirudishia. Ana rafu ya sampuli, vipande vya mbao vimepangwa kwa herufi, kila kimoja na jina lake kwa kalamu ya risasi. Wiki iliyopita nilikuwa kwake alipoingia fundi mmoja mgeni, akaanza kusoma moja moja kwa sauti: mninga, mpingo, mpingo wa ndimu, mvule. Akarudi nyuma hatua moja.

"Huu mpingo wa ndimu siujui," akasema. "Unaota wapi?"

"Gatini," akajibu Mzee, kabla sijafungua mdomo.